Mchezo wa Bure Unasema Nina Miaka Sabini na Tisa

Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Leo nimeita jina la marehemu.

Naandika hapa kwa sababu kusema siwezi. Kaye hii, daftari la shule, ilikuwa ya binti yangu Djamila wakati anasoma, aliiacha na kurasa nyingi tupu. Itakaa chini ya godoro langu.

Ilikuwa hivi. Boti ya Twahiri imejaa, inataka kutoka hapa Kalemie kwenda Moba. Saruji ya Kabimba chini, chumvi na sabuni juu yake, halafu magodoro, halafu abiria. Nikapanda kuita mizigo kama kawaida. Miaka ishirini na sita nafanya kazi hii — natembea toka mbele mpaka nyuma, nagonga kila mzigo kwa kiganja, naita jina la mwenyewe, na mwenyewe pale ufukoni anajibu: "Iko!" Jina lisilojibiwa, boti haiondoki. Hakuna karatasi. Wafanyabiashara hawataki karatasi, wanasema karatasi inaita watu wa taksi, wale wa kodi. Karatasi njo mimi, ndiyo kichwa hiki.

Nikafika kwenye mifuko ya chumvi, upande wa kushoto. Nikagonga. Nikaita: "Papa Anatole!"

Kimya.

Anatole alikufa mwezi wa pili. Nilikuwa kwenye mazishi! Nilitupa udongo kwa mkono huu huu. Chumvi sasa ni ya mjane wake, Mama Adolphine, na Mama Adolphine alikuwa amesimama mbele yangu, na nguo nyeusi bado mwilini. Alipiga ukelele mmoja tu, halafu akakaa chini mchangani.

Wanawake kumi na wanne wameshuka, na watoto wao na masufuria yao. Wanasema boti iliyoitiwa mufu haifiki. Twahiri njo nahodha, na ni mtu mpole, lakini leo aliniangalia kama anavyoangalia injini ikianza kutoa moshi. Akaondoka hivyo hivyo, na nusu ya abiria.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Djamila aliniwekea chakula. Sikukigusa.

Ijumaa, 3 Oktoba

Baada ya sala watu wamenisalimia vizuri. Vizuri kupita kiasi. Mmoja akasema ulimi hauna mufupa, Papa Hamidi, yatapita hayo. Aksanti.

Labda ni kweli. Miaka kumi na moja nimegonga chumvi ile nikaita Anatole. Mkono umezoea, mdomo umezoea. Mtu yeyote angekosea.

Lakini marehemu baba alianza hivyo hivyo. Jina moja! Aliniita mimi kwa jina la ndugu yake, tukacheka wote. Mwisho wake akawa anamuuliza mama yangu: wewe mama, ni mutoto wa nani? Mama anajibu kila siku, kwa upole, anataja ukoo wake wote. Na baba anamshukuru kama mgeni.

Alikuwa na miaka sitini na sita. Mimi nina sitini na moja. Naogopa. Wallahi naogopa.

Jumapili, 5 Oktoba

Kwenye telefone imetokea picha ya ubongo umevaa miwani. Chini yake, kwa Kifaransa: ubongo wako una miaka mingapi? Jua leo, bure.

Nikabonyeza. Nani asingebonyeza?

Ni michezo. Kadi zimefunikwa, unafunua moja, kasuku, unaifunika, unatafuta kasuku mwenzake. Halafu maneno kumi unasoma, yanapotea, wanakuuliza yapi yalikuwemo. Nikasema hii kwangu ni kazi ya kila wiki, ngoja niwaonyeshe.

Matokeo: miaka 79.

Sabini na tisa! Nimeiweka telefone kifudifudi mezani. Nikaigeuza. Bado 79.

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo 81. Kwa siku moja nimezeeka miaka miwili.

Wanakupa michezo mitatu kwa siku, halafu kinatokea kifuli, mchezo unafungwa. Na maandishi: kumbukumbu yako iko chini ya watu wa rika lako, lipa ili ujue sababu. Yaani sababu wanayo! Wanayo pale pale, nyuma ya kifuli, na mimi niko huku nakodoa macho.

Nimetaja majina ya wafanyabiashara wote nikiwa naoga. Nimefika ishirini na tisa. Wako thelathini na moja. Nimesimama na sabuni machoni natafuta wawili. Wakaja wakati nimeshavaa shati. Zamani hawakuwa wanachelewa.

Jumatano, 8 Oktoba

Djamila amenikuta nacheza. Amekuja kunichukulia sahani, telefone ikalia ile sauti yake ya kushindwa.

Yeye anatengeneza matelefone sokoni, vitu hivi anavijua. Akanipokonya, akacheza. Amepata 52. Ana miaka ishirini na nne! Akacheka mpaka akakaa. Akaniambia, Papa, angalia ujanja wao. Umeshafunua kadi tano, unaanza kushika, wanakuletea tangazo la kubeti, mwanaume anapiga kelele sekunde thelathini, halafu wanakuuliza kasuku alikuwa wapi. Nani atamkumbuka kasuku? Ya bure ni chambo tu, kwa makusudi, ili uogope ulipe.

Nikacheka na mimi. Nilikuwa sijacheka tangu Alhamisi.

Halafu akaacha kucheka. Akauliza: sasa wewe unacheza ya nini?

Nikasema kupoteza wakati. Ameniangalia muda mrefu. Macho ya mama yake yale, Mungu amrehemu, hayadanganyiki. Akaondoka na sahani.

Halafu ameleta habari kutoka sokoni. Mama Adolphine amelazwa, homa kali. Bandarini wanasema mimi nimemuita mume, na mume amekuja kumuchukua muke wake.

Ya Rabi! Mimi nilikosea jina tu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimelipa.

Ile michezo haitaki pesa ya telefone, inataka kadi ya benki, na kadi ya benki nyumba hii iko kwa mtu mmoja tu — Éliézer, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, anafanya kazi ya kompyuta katika biro, yaani ofisi, ya shirika moja. Nilimvizia akifua. Nikasema, mwanangu, nisaidie jambo dogo, na usimwambie Djamila. Aliona ni mchezo, akashangaa, lakini akalipa mwezi mmoja kwa kadi yake, nikamrudishia pesa mkononi. Pesa za mchele. Shauri yangu.

Ya kulipa ni kitu kingine kabisa! Hakuna matangazo. Hakuna kifuli. Mwanamke ananisalimia kwa jina, Bonjour Hamidi, sauti laini. Na ile sababu waliyoificha nikaenda kuitafuta mbio. Imeandikwa: unahitaji mazoezi. Basi! Nimesoma mara tatu, ni hilo tu.

Lakini nimecheza. 66. Halafu, baada ya chai, 58.

Jumapili, 12 Oktoba

51!

Miaka hamsini na moja, kumi chini ya umri wangu. Nimekula ugali na samaki mgebuka mzima, Djamila akaniuliza kama kuna sikukuu.

Twahiri amekuja jioni jioni, amekaa kwenye kiti cha mlangoni, hakutaka chai. Amesema safari iliyopita alifika salama, lakini abiria wanamuuliza kila siku nani ataita. Jumamosi tarehe 18 niite mbele ya wote. Bila kosa. Nikikosea, hata moja, kazi ataipa mtu mwingine. Maneno yake nayaandika kama yalivyo: "Papa Hamidi, mimi binafsi nakuamini. Lakini boti haijazwi na mimi, inajazwa na watu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema kwa sauti kubwa. Nilikuwa na 51 mfukoni.

Jumanne, 14 Oktoba

Maandishi mabaya leo.

Nilikuwa nacheza, Djamila ananiongelesha kutoka jikoni, mambo ya bati linalovuja. Nikawa namjibu yeye huku kidole kinabonyeza chenyewe, sikutazama kadi hata moja. Nikageuka: Bravo, Hamidi! 47.

Vipi?

Nikaanza upya. Safari hii nimefumba macho kabisa, nikagonga kioo ovyo ovyo, kama mtu anayeponda pilipili. Nikafumbua.

Bravo, Hamidi! 46. Umewapita watu tisini katika kila mia.

Nikaisukuma telefone mbali. Sio hasira — hasira ilikuja baadaye. Kwanza ilikuwa hofu. Kwa sababu siku tatu hizi nimetembea mjini kifua mbele kwa ajili ya namba hizi.

Nimemfuata Éliézer. Nikafumba macho tena mbele yake, nikagonga, akaona mwenyewe. Akajikuna shingo. Amesema, Papa, ya bure kazi yake ni kukutisha ili ulipe, na hii ya kulipa kazi yake ni kukufurahisha ili mwezi ujao ulipe tena. Hakuna hata moja kati yake inayokujua. Akasema niende hospitali, kuna daktari anapima mambo ya kichwa, anauliza maswali, anakuchoresha uso wa saa.

Hospitali! Kwenye benchi ile utakuta nusu ya bandari wamekaa. Nikiulizwa leo ni siku gani mbele ya mlango wazi, kesho Kalemie yote inajua. Na Mama Adolphine yuko pale pale ndani.

Basi mimi ni nani? 81 au 46? Ningepewa hata jibu baya, lakini la kweli, ningelala. Sasa sina lolote. Na Éliézer nimemwona anaangalia mlango wa Djamila. Atamwambia, najua.

Alhamisi, 16 Oktoba

Amemwambia.

Djamila hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alikaa karibu yangu akashika mkono wangu kama mimi ni mgonjwa, akasema Jumamosi atafunga kibanda chake aje bandarini, akae mbele. Nikamkatalia. Nikamwambia bandari sio mahali pake, hajawahi hata kukanyaga ubao wa boti, atafanya nini? Akasema: kuwa pale tu, Papa.

Mchana nilikwenda kuangalia upakiaji. Kila mzigo unapopanda nauangalia mwenyewe, namwangalia aliyeuleta, naweka jina kichwani. Njo hivyo nilivyofanya siku zote. Thelathini na moja. Nimerudia mara nne nikiwa njiani. Thelathini na moja, thelathini na moja, thelathini na moja, thelathini. Nikaanza upya nikiwa nimesimama katikati ya njia, pikipiki zinanipigia honi.

Na kuna jambo lingine. Mama Hortense, wa sabuni, tunajuana tangu hajaolewa, amenisogelea na kitenge mdomoni. Nikadhani anataka utani, maana yeye na mimi ni utani siku zote, ananiita bwana wake wa pili. Akasema polepole: "Papa Hamidi, jina yangu usiliite. Nakuomba. Pakia sabuni yangu, lakini mimi usiniite."

Nikamwambia lakini boti haitaondoka bila yeye kuitikia.

Akasema anajua. Akasema na Anatole hakuwa anataka kuitwa.

Nikamuuliza habari ya Mama Adolphine. Bado hali chakula, bado anatoka jasho. Mama Hortense hakunitazama usoni hata mara moja. Ananiogopa! Mimi! Nami nilikuwa namuogopa yeye, asije akaniuliza kitu nikakosa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika ndani ya boti, nimekaa juu ya saruji. Watu wanadhani nahesabu. Kaye nimekuja nayo chini ya shati, sijui kwa nini, labda nilitaka kitu cha kushika. Biro ya bandari imemwita Twahiri kwa ajili ya sahihi, kazi imesimama katikati. Nimeita kumi na nane. Bado kumi na tatu. Nataka kuandika kilichotokea kabla hakijachanganyika.

Watu ni wengi kuliko siku zote. Wamekuja kuangalia. Hata wasio na mzigo wala safari.

Nimegonga magodoro ya mbele. Nikaita: "Papa Télesphore!" Sauti imetoka vizuri.

Kimya.

Télesphore yuko pale! Ninamwona, kofia nyekundu, hatua kumi kutoka kwangu. Anaangalia ndala zake. Nikaita tena. Akasogea nyuma ya mtu.

Nikaenda kwa wa pili, "Mama Hortense!" — nisamehe, Hortense, ni lazima. Akajifunika masikio na kitenge akanipa mgongo. Wa tatu, kimya. Wa nne, kimya. Hapo nikasimama. Kwa sababu nimeelewa. Hawa hawatajibu. Wanaogopa jina lao kutoka kinywani mwangu. Na wasipojibu, mimi nitajuaje? Nikiita sawa ni kimya, nikiita kosa ni kimya. Hakuna tofauti! Nimesubiri wiki mbili nipate mahali pa kujipima, na mahali penyewe pamefungwa.

Twahiri akatikisa kichwa. Watu wakaanza kunong'ona. Nilikuwa nataka kushuka, haki ya Mungu, mguu mmoja nilishauinua.

"Iko!"

Djamila. Amesimama mbele, karibu na maji, mikono pembeni ya mdomo. Nikaita tena Télesphore. "Iko!" Nikaita Hortense. "Iko!" Watu wakapumua. Mtu akacheka. Twahiri akauliza kama mwenye sauti anajibu kwa niaba ya wenyewe, na Télesphore mwenyewe akaitika kwa kichwa, wengine wakaitika, ndiyo, binti aitikie, ni vizuri hivyo, jina likienda liende kwake. Mtoto wangu! Wamemsukumia yeye, na yeye amekubali bila kupepesa. Twahiri akanipungia mkono: endelea.

Nimeendelea. La tano, iko. La sita, iko. Nikapata mwendo wangu. La kumi, la kumi na tano. Mkono unagonga, mdomo unaita, nikasema Hamidi wewe mzima, ulikuwa unajitesa bure. Nilikaribia kulia kwa furaha. La kumi na saba, iko.

La kumi na nane ni makatoni manne, kamba ya kijani. Nikagonga. Nikaita: "Mama Émérence!"

"Iko!" Haraka, kama mengine yote.

Hapo njo Twahiri akaitwa biro. Nami nimekaa hapa, na tangu nimekaa najiuliza kitu kimoja.

Mama Émérence ni nani?

Jina limekuja lenyewe. Sioni sura. Ni mwanamke wa dawa aliyekuwa anashukia Moba? Yule ni wa miaka gani? Au ni nesi aliyemzalisha marehemu mke wangu? Au yupo, yuko pale kati ya watu, nilimwona Alhamisi akileta makatoni yake, na sura tu ndiyo imenipotea? Makatoni haya ni ya nani? Nimeangalia nyuso moja moja. Hakuna aliyegeuka. Lakini leo hakuna anayegeuka kwa jina lolote.

Nikamtazama Djamila. Akanitabasamia.

Na Djamila hajui mtu yeyote hapa. Télesphore amemjua leo. Hajui nani ana chumvi, nani ana sabuni, nani amekufa. Amejibu lile la kumi na nane kama alivyojibu la kwanza. Ningeita jina la baba yangu angejibu iko. Ningeita jina langu mwenyewe.

Anafikiri ninaumwa. Hajibu mizigo, ananijibu mimi.

Watu hawa wote watapanda boti hii kwa sababu mtoto wangu ananipenda. Nikimuuliza sasa, mbele yao, Djamila, Émérence ni nani — kazi imekwisha, jina limekwisha, kila mtu atajua na mimi nitajua. Nisipomuuliza, hakuna atakayejua. Mimi pia. Ataitikia mpaka lini? Atakuwa anataja ukoo wake wote?

Twahiri anarudi, karatasi mkononi, anaharakisha. Anasema upepo unaanza, Papa Hamidi, tumalizie, bado kumi na tatu.

Nimesimama. Naandika nikiwa nimesimama. Mzigo unaofuata ni mifuko ya chumvi, upande wa kushoto, kama siku ile.

Djamila amesogea mbele ya watu wote, mpaka maji yamefika kwenye vifundo vya miguu yake. Sijaita bado. Ameshafungua mdomo.